Viriba 42, miche sita: mbegu za watoto zimekwama wapi?

Swali: "Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mkoani Tanga na mlezi wa klabu ya mazingira. Mwanzoni mwa Machi tuliwapeleka wanafunzi wa darasa la tano kwenye bustani ya mimea ya Amani. Walishika mbegu, wakajaza udongo kwenye viriba, vile vifuko vya kuoteshea miche, wakarudi na hamu kubwa. Tukaanzisha kitalu chetu chini ya mwembe wa shule: watoto 42, kila mmoja na kiriba chake chenye jina lake, kila kiriba mbegu moja. Kundi la kwanza lilipanda mbuyu, mbegu wakazileta wenyewe kutoka nyumbani. La pili mwarobaini, kwa mbegu alizookota mlinzi wetu mwaka jana na kuzihifadhi kwenye chupa ya plastiki dirishani. La tatu mlonge. Udongo tulichanganya nusu kwa nusu na samadi ili miche iwe na nguvu, na watoto wanamwagilia asubuhi na jioni bila kukosa. Sasa ni wiki ya nane. Mbuyu umeota mmoja tu. Mwarobaini hakuna. Milonge iliota 13 kati ya 14, lakini minane ilianguka ghafla, shina limenyauka usawa wa udongo. Watoto 36 wana viriba vitupu. Mmoja ameniambia mama yake amesema hana mkono wa kupanda, na tangu hapo haji klabu. Mwalimu mkuu anashauri tununue miche tuachane na mbegu. Nimekosea wapi? Na je, niendelee?"

Mwalimu, kabla ya udongo na maji naomba nianze na huyo mtoto aliyeacha kuja klabu, maana mbegu inaweza kungoja, yeye hawezi. Mwite kesho, umwulize alikuwa kundi gani. Kama alipanda mwarobaini, mwambie ukweli: mbegu aliyopewa ilikuwa imeshakufa kabla hajaigusa. Mimi nimefanya kazi vitaluni zaidi ya miaka ishirini, na ile mbegu nisingeiotesha. Kama alipanda mbuyu, kuna uwezekano mkubwa kwamba mbegu yake iko hai mpaka leo, imelala humo humo kwenye kiriba, na anaweza kuichimbua na kuiamsha mwenyewe. Na kama mlonge wake ni mmoja wa ile minane, basi yeye ni mtoto aliyeotesha mbegu, kilichouua mche kilikuja baadaye. Katika hali zote tatu, mkono wake hauna kosa. Ukipata nafasi mweleze na mama yake, kwa upole, maana neno la mama hukaa kwa mtoto kuliko neno letu.

Sasa nije kwako. Umeniletea tatizo moja, viriba vitupu, lakini ndani yake yamo matatu yasiyo na undugu. Mbegu za mbuyu zimelala. Za mwarobaini zimekufa. Milonge iliota vizuri, ikauawa na ugonjwa. Kwa macho ya mtoto yote matatu yanafanana, udongo mtupu na jina lake juu, ndiyo maana kila mtu shuleni anatafuta sababu moja ya kuyaeleza yote. Na dawa ambayo kila mtu huikimbilia, kuongeza maji, haitibu hata moja kati ya hayo. Hilo la tatu limeletwa nayo kwa sehemu kubwa.

Mbegu ni mmea mchanga uliofungiwa ndani ya ganda pamoja na chakula chake. Umekauka karibu kabisa, na kwa sababu umekauka unapumua kidogo mno. Maji yakipenya ganda, kiini kinavimba, wanga na mafuta yaliyohifadhiwa yanaanza kuvunjwa kuwa chakula, na kimzizi kinachungulia kwanza kabla ya jani lolote. Kwa hiyo mbegu inahitaji vitu vitatu kwa pamoja: maji, joto na hewa. Cha tatu ndicho watu hukisahau. Mbegu iliyoanza kuamka inapumua kwa nguvu, na udongo uliojaa maji hauna hewa. Mbegu iliyozama huko hukosa pumzi, ikaoza.

Mbuyu una jambo lake la ziada. Ganda la mbegu yake ni gumu na halipitishi maji kirahisi. Unaweza kuimwagilia miezi miwili ikabaki kavu ndani kama jiwe la mtoni. Mti haukukosea kuiumba hivyo. Porini tunda la mbuyu huliwa na tembo na nyani, mbegu zikapita tumboni, zikalainika, zikaangukia mbali na mama yao zikiwa na samadi tayari. Zisizoliwa hukaa udongoni, ganda likachakaa polepole, moja ikaota mwaka huu, nyingine mwaka ujao. Fikiria kama zote zingeota mvua ya kwanza, kisha jua likawaka wiki tatu mfululizo: kizazi chote kingekwisha kwa siku moja. Kwa mti unaoishi nchi kavu, kulala kwa mbegu ni akiba. Bila kutibiwa, mbegu za mbuyu mara nyingi hazifiki hata moja kati ya tano kwa kuota. Ninyi mmepata moja kati ya kumi na nne. Hamkufanya vibaya kuliko wengine.

Kuziamsha kuna njia mbili ninazoziamini kwa shule. Ya kwanza ni kusugua. Mpe kila mtoto mbegu moja na kipande cha msasa, au aisugue kwenye sakafu ya saruji isiyo laini, upande mmoja tu, mpaka rangi ya ndani iliyo nyepesi ianze kuonekana. Asiendelee hapo, asije akakijeruhi kiini. Kisha mbegu ilale kwenye maji ya kawaida usiku mmoja. Asubuhi iliyosuguliwa sawasawa itakuwa imevimba, na mtoto ataona kwa macho kwamba maji yameingia. Na kama kuna mti wa msasa karibu na shule, ule wa jamii ya mkuyu wenye majani yanayokwaruza, waonyesheni watoto. Mafundi wa zamani walilainishia mbao kwa majani yake kabla ya karatasi za dukani, na jina lenyewe limebaki.

Njia ya pili ni maji ya moto, na hapa kuna kosa ninaloliona kila mwaka: watu huzichemsha mbegu jikoni kama maharage. Hiyo ni kuzipika. Maji yachemke, sufuria iepuliwe, ndipo mbegu zitumbukizwe na kuachwa humo mpaka maji yapoe yenyewe, zilale hadi kesho yake. Maji yawe mengi kuliko mbegu, mara tano hivi, yasipoe haraka mno. Kazi ya kumwaga maji ya moto ni yako, Mwalimu, watoto wasimame mbali.

Jambo jingine dogo kuhusu mbegu walizoleta nyumbani. Waulize kama kuna aliyetoa zake kwenye ubuyu wa rangi, ule wa kuuza. Ule umepitia sukari ya moto jikoni, na huwezi kujua ulikaa motoni kiasi gani. Tumieni mbegu kutoka kwenye tunda lenyewe, mkalivunja mkaosha unga wake. Na tazameni vizuri kwenye viriba vya mbuyu kabla ya kusema ni kimoja tu. Mche mchanga wa mbuyu haufanani na mbuyu: majani yake ya mwanzo ni jani moja moja la kawaida, yale yaliyogawanyika kama vidole huja baadaye. Nimewahi kuona kitalu kizima cha mibuyu kikipaliliwa kwa bidii na mtu aliyedhani anang'oa magugu.

Mwarobaini ni habari tofauti kabisa. Mbegu zake hazilali, zinaharakisha. Tunda likiiva na kuanza kudondoka, una wiki mbili hadi tatu nzuri. Baada ya hapo nguvu inashuka haraka, na baada ya miezi michache kinachobaki ni ganda lenye punje iliyosinyaa. Kukaa mwaka mzima kwenye chupa iliyofungwa, dirishani, jua likiipika kila alasiri ya Tanga, ni zaidi ya inavyoweza kuvumilia. Mlinzi wenu alifanya kwa nia njema, mpeni shukrani yake. Safari ijayo aokote matunda ya manjano yaliyodondoka karibuni, ayamenye, aoshe utelezi wote, aanike kivulini siku mbili tatu, mpande wiki hiyo hiyo.

Watu wengi huamini kwamba kila mbegu ikikaushwa vizuri inakaa. Si kweli, na mimi nililijifunza kwa hasara. Mwaka wangu wa kwanza kitaluni nilipewa mbegu za karafuu, nikazianika kwa uangalifu wote nilioujua, nikaziweka kwenye bahasha na kuandika tarehe. Hazikuota hata moja, na hazingeweza. Karafuu, kakao, parachichi, embe, zote hizi ni mbegu za nchi ya mvua. Huanguka zikiwa na maji mengi ndani yake na hutegemea kuota mara moja. Ukizikausha umeziua. Upande wa pili wapo mkongo, mgunga, mkwaju, mbuyu, na mahindi na maharage yetu. Hizi hustahimili kukauka, na kadiri zinavyokuwa kavu na kukaa mahali pa baridi ndivyo zinavyoishi muda mrefu zaidi. Huko Wakehurst, Uingereza, iko benki kubwa ya mbegu iliyofunguliwa mwaka 2000, inayohifadhi mbegu za mimea ya porini kutoka nchi nyingi kwa kuzikausha kwanza, kisha kuzigandisha kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Na kuna mbegu ya mtende iliyofukuliwa kwenye magofu ya Masada, karibu na Bahari ya Chumvi, yenye umri wa miaka 2,000 hivi, iliyopandwa mwaka 2005 ikaota. Wasimulie watoto hiyo, kisha mrudi kwenye chupa ya mlinzi. Wataelewa kwamba umri peke yake hausemi kitu, inategemea ni mbegu ya nani na ilihifadhiwaje.

Milonge sasa. Ulichokieleza, mche mzima kuanguka ghafla, shina limekuwa jembamba kama uzi usawa wa udongo huku majani bado ya kijani, ni kinyausi. Husababishwa na vimelea vidogo vya jamii ya ukungu wanaoishi udongoni siku zote. Hawakuletwa na mtu. Kinachowapa nguvu ni unyevu usiokauka, kivuli kizito na mbolea nyingi, na kitalu chenu kimewapa vyote vitatu katikati ya masika: kipo chini ya mwembe, kinamwagiliwa mara mbili kwa siku hata siku za mvua, na nusu ya udongo ni samadi. Shina la mche wa wiki mbili bado ni laini. Likikaa na maji usiku kucha, vimelea hupenya pale pale linapogusana na udongo.

Ulioanguka hauponi, uondoeni pamoja na udongo wake muutupe mbali na kitalu. Ile mitano iliyobaki inaokoka kwa urahisi. Ihamishieni mahali penye jua la asubuhi, nyunyizeni mchanga mkavu wa mtoni kuzunguka shina, na msimwagilie mpaka mtoto achovye kidole hadi pingili ya kwanza akute pakavu. Ikibidi kumwagilia, iwe asubuhi, majani yapate muda wa kukauka. Sikushauri dawa ya kuua ukungu kwenye kitalu cha watoto. Hapa hali ya kitalu ndiyo iliyokuwa mbovu, na kuirekebisha inatosha.

Kuhusu samadi, najua mlitaka kuipa miche nguvu. Lakini mbegu imebeba chakula chake cha wiki za mwanzo, haihitaji chetu. Samadi mbichi hutoa joto na chumvi zinazounguza mizizi michanga. Mchanganyiko unaotosha ni sehemu tatu za udongo mzuri wa juu, moja ya samadi iliyooza, moja ya mchanga. Iliyooza ni ile isiyonuka zizi, isiyo na joto ukiingiza mkono, inayopukutika ukiibana. Kwa kuoteshea tu, kabla ya kuhamishia kwenye viriba, mchanga mtupu wa mtoni uliooshwa unatosha, na kama unaogopa kinyausi umwagie maji yanayochemka siku moja kabla, uache upoe.

Sasa nikuambie ningefanya nini wiki hii kama darasa hilo lingekuwa langu. Ningewaambia watoto wote wachimbue viriba vyao.

Wengi wanaogopa kufanya hivyo, wanaona ni kama kufukua kaburi. Mimi naona hapo ndipo safari yenu ya Amani inapopata maana. Tandika magunia chini, kila mtoto amwage udongo wake taratibu, aitafute mbegu. Kisha wewe ukiwa na wembe, ukate katikati mbele yao zile nyepesi na laini, na moja mbili tu kati ya zile ngumu. Mtakutana na nyingine ngumu kama zilivyoingia, ndani nyeupe na imara: hizo zimelala, nyingi zitakuwa za mbuyu, na zile ngumu zilizobaki zitengeni mkazisugue na kuzipanda upya. Nyingine zitakuwa nyepesi, ndani kahawia au tupu: hizo zilikufa zamani, na ndizo za mwarobaini, kama bado zipo. Nyingine zitakuwa laini, zinanuka, pengine na kimzizi kilichoanza kutoka kikaoza: hizo ziliamka zikazama. Mtoto aandike kwenye daftari alichokikuta. Yule aliyekuwa na kiriba kitupu sasa ana jibu, na jibu lake lina uzito sawa na la mwenye mche.

Kuna watakaokwambia upime mbegu kwa kuzitia kwenye maji, zinazoelea zitupwe. Kwa maharage na mahindi inasaidia kiasi. Kwa mbegu za miti mimi siitegemei, kwa sababu nyingine zina nafasi ya hewa ndani na huelea zikiwa nzima. Chukua mbegu kumi kutoka kwenye fungu, zikate. Nane zikiwa nyeupe na imara, fungu ni zuri. Unapoteza kumi kujua habari za mia.

Kosa lako la kweli, Mwalimu, kama unaniruhusu kuliita kosa, ni ule mpango wa mbegu moja, kiriba kimoja, jina moja. Najua unavutia, kila mtoto ana chake. Lakini hakuna kitalu cha kazi kinachofanya hivyo, kwa sababu hakuna fungu la mbegu linaloota lote. Mkulima hutia mbegu mbili tatu shimoni, mtu wa kitalu husia mamia kwenye tuta moja. Mbegu moja kwa mtoto mmoja hugeuza bahati ya kawaida ya mbegu kuwa hukumu juu ya mtoto. Sieni kwa pamoja kwenye beseni lililotobolewa chini, lenye mchanga, mbegu mara mbili au tatu ya miche mnayoitaka. Mara kimzizi kinapochungulia, au kwa mimea midogo pale majani mawili ya kweli yanapotokea, kila mtoto achague mche wake auhamishie kwenye kiriba. Aushike kwa jani, asiushike shina, maana jani likichubuka litakuja jingine na shina ni moja tu. Mzizi ushuke wima, ukipinda kama ndoana mti utakuja kuanguka ukiwa mkubwa. Hapo ndipo jina liandikwe.

Mbegu za mbuyu mnazo za kutosha mitaani kufanya jaribio la haki. Chukueni 40, mzigawe kumi kumi: fungu moja lipandwe kama lilivyo, la pili lisuguliwe kwa msasa, la tatu lipitie maji ya moto yaliyoepuliwa, la nne lichemshwe jikoni dakika kumi. Mchanga ule ule, maji yale yale, kila siku mtoto mmoja anahesabu na kuandika. Baada ya wiki nne hadi sita chora grafu ubaoni. Hilo la nne usiliache, hata kama unajua litakufa. Mtoto aliyeona mbegu zilizochemshwa hazioti hatazichemsha maisha yake yote.

Na kama unapenda wazo la kuacha kitu nyuma yako: mwaka 1879 huko Michigan, Marekani, Profesa William Beal, ambaye ndiye pia aliyeanzisha bustani ya mimea ya chuo chake, alizika chupa ishirini zenye mbegu na mchanga ili zifukuliwe moja moja miaka kwa miaka. Iliyofukuliwa mwaka 2021 bado ilikuwa na mbegu zilizoota, na ya mwisho imepangwa kufukuliwa mwaka 2100. Darasa lenu linaweza kuzika chupa nne za mbegu za mgunga na mkwaju, moja ifukuliwe kila mwaka na darasa la tano la wakati huo. Mdomo wa chupa uelekee chini, maji ya mvua yasiingie.

Kuhusu kununua miche, mwalimu mkuu wenu hajakosea. Ikiwa shule inataka kivuli uwanjani mapema, kununua miche kumi iliyokomaa na kuipanda vuli ni uamuzi mzuri kuliko kungoja kila kitu kitokane na mabeseni. Ila mche wa kununua unamfundisha mtoto kupanda na kutunza tu, haumfundishi mti unatoka wapi. Ningefanya vyote viwili: ya kununua kwa ajili ya uwanja, ya kusia kwa ajili ya darasa. Mkisia mwezi huu wa Mei, mche utakuwa na miezi mitano mvua za vuli zitakapoanza, umri unaofaa. Mwezi wa mwisho izoesheni jua kamili na mpunguze maji kidogo kidogo, isishtuke shambani. Mkihitaji mbegu za miti zilizopimwa, Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, huziuza, na unaweza kuwauliza kila aina inataka kutibiwaje.

Watoto watauliza kuhusu mninga, kila anayejua mbao anauliza. Uacheni kwa sasa. Mbegu yake imo ndani ya tunda lenye miiba na ubawa, kuitoa ni kazi, na mche wake mchanga una tabia ya kukauka juu kila kiangazi huku mzizi ukiishi chini, kwa miaka kadhaa, kabla ya kuamua kupanda juu. Darasa la tano watamaliza shule wakidhani umekufa. Mkongo, au mbambakofi kama wanavyouita wengine pwani, ni rafiki zaidi: mbegu nyeusi kubwa yenye kofia ya rangi ya chungwa, inashikika, inasugulika, na mbao yake ndiyo ya milango mingi ya kuchonga ya pwani yetu.

Nakuomba pia uangalifu na mnachobeba kutoka Amani. Bustani ile ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902 kama kituo cha kujaribia mimea kutoka kila pembe ya dunia, na Franz Stuhlmann akawa mkurugenzi wake wa kwanza. Mengi waliyoleta yalibaki kwenye mistari yake. Mengine yalitoka. Maesopsis eminii, mti wa mbao kutoka Afrika ya Magharibi na ya Kati, umesambaa kwenye msitu wa asili wa Usambara Mashariki, hondohondo wakila matunda yake na kudondosha mbegu kila walipotua. Clidemia hirta, kichaka kutoka Amerika, nacho kimejaa kingo za njia. Hakuna aliyekusudia. Kwa hiyo mti kuwepo bustanini si ruhusa ya kuupanda kijijini, na kuokota mbegu ndani ya hifadhi bila kibali hakufai. Mwulizeni mhifadhi, mara nyingi atafurahi kuwapa kilicho salama. Hata mwarobaini, tunaoupenda wote na ambao asili yake ni Asia ya Kusini, uupande uwanjani na si ukingoni mwa msitu wa pwani, kwa kuwa popo na ndege huusambaza.

Jambo moja la usalama ambalo naliomba ulisemee darasani kabla ya safari yoyote ya kuokota mbegu. Turituri nyekundu zenye doa jeusi, mbegu za mnyonyo zenye madoa kama kupe, na za mbono kaburi zinazofanana na karanga, zote zina sumu kali na zote zinavutia macho ya mtoto. Akitafuna mojawapo apelekwe hospitali wakati huo huo, hata kama bado anacheka, na mbegu iliyobaki mwende nayo. Msingoje dalili.

Utajuaje kwamba barua yangu haitoshi na unahitaji mtu aje aone? Pandeni maharage ishirini kwenye udongo ule ule na kwa maji yale yale. Yakiota na kukua, udongo na maji yenu ni sawa. Yasipoota, au yakiota na kingo za majani zikaungua, shuku maji: visima vingi vya pwani vina chumvi, na mbegu hushindwa kunywa maji ya chumvi hata yakiwa mengi. Peleka chupa ya maji hayo na kilo ya udongo kwa afisa ugani wa kata. Kama miche inadumaa na ukiing'oa unakuta mizizi ina vinundu vinundu, hao huenda ni minyoo fundo, wale wadogo wa udongoni wanaoingia kwenye mizizi, ingawa kwa jamii ya kunde vinundu vinavyobanduka kwa urahisi ni vya kawaida na ni vizuri. Hapo pia mwite afisa ugani kabla hamjahamishia udongo huo penginepo. Na ukirudi Amani, mchukue mche mgonjwa na kiriba chake kizima. Picha ya jani hainionyeshi mzizi, na haitamwonyesha mwenzangu wa kule.

Ule mbuyu mmoja ulioota uhamishieni kwenye kiriba kirefu mapema, maana mzizi wake hunenepa kama karoti na hivi karibuni utagonga chini. Uwanjani utafutieni nafasi mbali na madarasa, mita ishirini au zaidi, mkapime hatua hizo na watoto wote 42, huyo aliyeacha kuja akishika kamba.